Mkia Usiohitajika wa Armod

Nani aliamua kwamba baada ya “Gammal fäbodpsalm” bado kuna la kuongeza? Swali hili linanikera zaidi kadiri albamu yenyewe inavyozidi kunipendeza. Mlio na toleo maalumu la Armod mnajua ninachokisema. Zaburi inakwisha, albamu inafika mwisho wake halali, na hujavuta hata pumzi, Falconer, bendi ya metali ya Uswidi, wanaanza kukuimbia upya nyimbo ulizotoka kuzisikia, safari hii kwa Kiingereza. Ni uamuzi mbaya kuliko wote waliowahi kuufanya, na katika hesabu hiyo naujumlisha hata ule wa 2003 wa kutoa albamu bila mwimbaji wao Mathias Blad, ambao sijawasamehe.

Nisiwazungushe: hii ndiyo albamu bora ya Falconer. Ilitoka 2011 kwa lebo ya Metal Blade, Kiswidi kitupu kutoka “Svarta änkan” (mjane mweusi) hadi zaburi, baada ya miaka ya kuionja lugha hiyo kwa ncha ya ulimi: “Himmel så trind” mwaka 2006, “Vargaskall” mwaka 2008. Gitaa za Stefan Weinerhall zina makali, ngoma za Karsten Larsson zimetulia, na Andy LaRocque, mpiga gitaa wa King Diamond, amerekodi kila chombo kikasikika. “Griftefrid” inafyatuka kwa kasi ya kuwakumbusha wazee siku za Mithotyn, bendi yao ya awali. Sifa zimetosha, turudi kwenye kosa.

Kwanza, mpangilio. “Gammal fäbodpsalm” si kipande cha kujazia nafasi. Oskar Lindberg aliuandika kwa ajili ya kinanda cha kanisa mwaka 1936, kutokana na zaburi ya zamani ya Dalarna, mkoa ambako wanawake walipanda na mifugo milimani majira ya joto, wakakaa huko kukamua na kutengeneza jibini. Waswidi wanaupiga harusini, wanaupiga mazishini. Msikilizaji wa huko akiusikia anajua shughuli inafungwa. Kuuweka mwisho wa albamu ya metali, baada ya mjane mweusi, baada ya makaburi ya mawaridi, baada ya “Grimborg” na “Herr Peder och hans syster” ambazo ni tungo za masimulizi za kale, ulikuwa ujuzi wa hali ya juu. Mwendo unashuka, hadithi zinakwisha, unabaki muziki wa watu wa kawaida waliokuwa wakimwomba Mungu malishoni.

Halafu unarudishwa kwa mjane yuleyule, jina lake likiwa “Black Widow”. Huko ni kumpakulia mgeni aliyekwisha kunawa mikono. Chakula kinaweza kuwa kitamu, lakini adabu imekwisha kuvunjika.

Wapo watakaosema: ni nyimbo za ziada tu, si lazima uzisikilize. Hoja hii huwa naisikia kila ninapolalamikia nyongeza, na sijawahi kuiona ikisimama kwa miguu yake. Kilichochapwa kwenye sahani ileile, kikafuata bila mlango wala kizingiti, ni sehemu ya kazi. Kama bendi inaamini matoleo ya Kiingereza yana thamani, iyatolee sahani yake ndogo. Kama haiamini, iyaache studio. Kuyabandika nyuma ya zaburi ni kukwepa swali.

Pili, na hapa ndipo penye ufundi, tafsiri hizi zinapita mtihani wa karatasi na kuanguka mtihani wa sikio. Chukua “O, tysta ensamhet”, shairi la Olof von Dalin wa karne ya 18, ambalo kwenye nyongeza limekuwa “O, Silent Solitude”. Hesabu mizani ya jina hilo: sita kwa sita. Mikazo nayo inaangukia palepale. Mtu wa kuhesabu tu ataridhika. Sasa msikilize Mathias Blad. Kiswidi kinamwachia neno la pili likiwa limefunguka, linaishia kwa irabu nzima, “tysta”, kwa hiyo anaweza kuishika noti mpaka mwisho wake na kuimimina kwenye neno linalofuata bila mshono. Kiingereza kinamfungia mlango kwa konsonanti mbili, “silent”. Ulimi lazima uguse ufizi, pumzi ikatwe, ndipo neno jingine lianze. Wimbo uliokuwa unatiririka unaanza kupiga hatua.

Zidisha hilo kwa beti zote. Kiswidi kimejaa silabi zisizo na mkazo ambazo bado zina irabu kamili, hizo a na o zinazomalizia nomino na vitenzi. Kwa mwimbaji hiyo ni mali. Kiingereza silabi zake zisizo na mkazo huzimeza, na maneno yake mafupi huishia kwa konsonanti. Ndiyo maana mshairi anayejua kazi yake hatosheki na kujaza mizani. Anauliza pia mstari unaishia kwa mdomo wazi au mdomo uliofungwa. Hapa swali hilo halikuulizwa, au liliulizwa likapuuzwa.

Tatu, muziki wa chini. Kwa sikio langu gitaa ni zilezile na ngoma ni zilezile, kilichobadilishwa ni sauti ya mbele. Matokeo yake, vipande vya gitaa vilivyotungwa vijibu mwisho wa mstari wa Kiswidi sasa vinajibu mstari ulioishia mapema. Kunabaki upenyo mdogo kati ya swali na jibu. Vaeni vifaa vya masikioni msikilize matoleo mawili ya wimbo mmoja, moja baada ya jingine, mtausikia. Ukishausikia huwezi kuuziba tena.

Mtu asije akaniambia Blad hajui kuimba Kiingereza. Anajua sana. Ni mwigizaji wa tamthilia za muziki, kila silabi anaitamka ukaielewa, na Falconer ya 2001 na Chapters from a Vale Forlorn ya 2002 zinasimama kwa sababu ya koo lake. Hilo ndilo linalouma zaidi. Bendi hii iliwahi kumkosa, ikatoa The Sceptre of Deception na Grime vs. Grandeur na Kristoffer Göbel kwenye maikrofoni, na hiyo ya pili ilikuwa metali nzito ya kawaida ambayo bendi nyingine hamsini zingeweza kuitengeneza. Blad akarudi na Northwind, uhai ukarudi. Wakajifunza kwamba nguvu yao iko kwenye lile ambalo wengine hawana. Miaka mitano baadaye wanapata jingine ambalo wengine hawana, albamu nzima kwa lugha ya nyumbani, na wanaliwekea kiraka.

Sababu tunaijua: soko. Mjerumani na Mmarekani lazima waelewe, sivyo? Sivyo. Rammstein wanajaza viwanja vya mpira kwa Kijerumani mbele ya watu wasiojua kuagiza hata maji kwa lugha hiyo. Finntroll ni bendi ya Ufini, iliimba Kiswidi kwa sababu mwimbaji wake wa kwanza, Katla, alitoka kwa Wafini wasemao Kiswidi. Alipoondoka, lugha ikabaki, na “Trollhammaren” ya 2004 bado inaimbwa kwa sauti kubwa na vijana wa Ulaya wasioelewa neno. Mnunuzi wa muziki huu haulizi kamusi. Anataka kuamini kwamba yule anayemwimbia anatoka mahali fulani.

Na kabla hamjanishtaki kwa ushabiki wa lugha, kumbukeni namheshimu nani. Quorthon wa Bathory, baba wa metali ya Kiviking, aliimba Hammerheart ya 1990 kwa Kiingereza, na sauti yake ilikuwa inayumba kama jahazi, na bado hakuna aliyemfikia. Alichagua lugha moja akazama nayo. Sina ugomvi na Kiingereza. Ugomvi wangu ni na mshika mbili.

Shujaa wangu halisi katika jambo hili hata si wa metali. Jan Johansson alipotoa Jazz på svenska mwaka 1964 alikuwa na piano yake na besi ya Georg Riedel, basi. Alichukua nyimbo za vijijini, akazipiga polepole, akaacha nafasi tupu bila kuogopa kwamba msikilizaji atachoka. Waswidi wakainunua kuliko rekodi nyingine yoyote ya jazi nchini mwao. Wanawe wawili, Jens na Anders, walikuja kupiga metali na Yngwie Malmsteen, kwa hiyo msiniambie ulimwengu huo na huu havijuani. Weinerhall mwenyewe anaujua: “Eklundapolskan” kwenye Armod ni wimbo wa Viksta-Lasse, mpiga fidla wa Uppland, na kule kuegemea kwa polska, ngoma ya mapigo matatu yasiyolingana uzito, kumeheshimiwa badala ya kunyooshwa kwa nyundo ya metali. Mtu mwenye sikio la namna hiyo alikuwa na haki ya kujiamini mpaka dakika ya mwisho.

Nyakati hizi tumezoea metali ya asili ambayo uasili wake ni kinanda cha umeme kinachojifanya filimbi, kofia za pembe ambazo Waviking hawakuzivaa vitani (zimetoka kwenye mavazi ya opera ya Wagner ya 1876), na kiitikio cha kusifu pombe. Bendi ya Otyg ilikwisha kuonyesha njia nyingine kwa albamu ya Älvefärd mwaka 1998, Kiswidi na fidla ya kweli. Armod ilikuwa mrithi wake halali. Ndiyo maana sikubali kuambiwa kosa lake ni dogo. Kwenye kazi ya ovyo kosa kama hili hata lisingeonekana.

Na nyongeza zile zilikuwa utabiri. Black Moon Rising ya 2014 ilirudi Kiingereza. Albamu ya kuaga ya 2020, From a Dying Ember, ikakitengea Kiswidi wimbo mmoja, “Bland sump och dy”, kisha bendi ikavunjika. Walifungua mlango mara moja, wakachungulia, wakarudi ndani. Linganisheni na bendi ya Månegarm. Nao waliyumba, wakaweka Kiingereza kingi kwenye Legions of the North ya 2013, wakachanganya tena 2015. Lakini 2019 wakatoa Fornaldarsagor, Kiswidi kwa kwenda mbele, na 2022 wakairudia njia hiyohiyo na Ynglingaättens öde, visa vya wafalme wa kale wa Uppsala. Lebo yao haikufilisika.