Vinasaba, Nasaba na Mkono wa Serikali



Ijumaa ya tarehe 26 Juni 2015, ndani ya mwezi wa Ramadhani, mtu aliyejifunga bomu aliua watu 27 katika Msikiti wa Imam Sadiq nchini Kuwait. Siku chache baadaye Bunge la huko likapitisha Sheria Na. 78 ya 2015, iliyomtaka kila raia, kila mkaazi na hata mgeni atoe sampuli ya vinasaba vyake, yaani DNA, ihifadhiwe na Wizara ya Mambo ya Ndani. Adhabu ya mwenye kukataa ilifikia kifungo cha mwaka mmoja na faini ya dinari 10,000.

Hatupingi kwamba mtawala ana wajibu wa kulinda roho za watu. Lakini sheria ile ilichanganya mambo mawili ambayo fiqhi imeyatenganisha: kumtambua muuaji au maiti, na kuzifungua nasaba za watu wasiokuwa na kesi. Alama ya kidole inasema huyu ni fulani, basi. Vinasaba vinasema pia huyu si mtoto wa fulani.

Majmau ya Fiqhi iliyo chini ya Rabita, katika kikao chake cha 16 mjini Makka, Januari 2002, iliruhusu kipimo hiki katika upelelezi wa jinai zisizo na haddi wala kisasi, kwa watoto waliochanganywa hospitalini, kwa maiti wa maafa, na katika mzozo juu ya mtoto asiyejulikana nasaba yake. Ikakataza kukitegemea katika kukanusha nasaba au kukitanguliza mbele ya liani, na ikakataza kukitumia kuzihakiki nasaba zilizokwisha thibiti kisharia. Sehemu hii mashekhe wetu wanaitaja sana. Inayosahauliwa ni ile nyingine: kwamba dola izuie kipimo hiki ila kwa ombi la mahakama, iwazuie wafanya biashara wanaotafuta faida wasikifanye, na kila nchi iwe na kamati ya wanasharia, madaktari na watendaji ya kusimamia matokeo. Tumebishana sana iwapo kipimo ni hoja, tusiulize sampuli inalala kwa nani.

Asili ya jambo hili ni ya zamani. Mjuzi wa kutambua nasaba, Mujazziz al-Mudliji, alipotazama miguu ya Zayd na Usama akasema inatokana, Mtume (S.A.W.) alifurahi, na jamhuri ya maulamaa wakaichukua kuwa hoja, ingawa Mahanafi hawakuikubali. Lakini katika kisa cha Hilal bin Umayya, mtoto alizaliwa akifanana na mwanamume aliyetuhumiwa, na Mtume (S.A.W.) hakuitengua liani kwa mfanano huo. Alama ilikuwepo, tena wazi mbele ya watu.

Wapo wanaosema asiye na kosa haogopi kupimwa. Aya ya 12 ya Suratul Hujurat imekataza kupeleleza, na haikusema kwamba mwema apelelezwe kwa kuwa hana la kuficha. Huko Kuwait kwenyewe Amiri alitaka sheria ile iangaliwe upya mwaka 2016, na Oktoba 2017 Mahakama ya Katiba ikaibatilisha.

Kwetu hili si la mbali. Mwaka 2018 Kenya iliibadilisha sheria ya usajili wa watu, ikaingiza vinasaba miongoni mwa yanayoweza kuchukuliwa kwa mwananchi. Kati ya waliokwenda mahakamani ni jumuiya ya Wanubi, ndugu zetu ambao wengi wao ni Waislamu, na tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kukusanya vinasaba namna hiyo ni kinyume cha katiba. Tunaona aibu kidogo kwamba hoja ya sitara ilisimamishwa na mawakili kabla haijasikika mimbarini. Tanzania nayo ina sheria yake ya vinasaba vya binadamu tangu mwaka 2009, na maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndiyo yenye kazi hiyo.

Basi tunawauliza makadhi wa Mombasa na Unguja: mume akikuleteeni karatasi ya maabara aliyoipata bila amri ya mahakama, akitaka kumkana mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa yake, mnaipokea au mnamrudishia?