Wosia kwa Mwendo Maradufu

Katika utenzi wake wa mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, akiwa mgonjwa, anamwita bintiye akae karibu naye, aje na wino na karatasi. Wachambuzi wengi, nami nikiwamo, tumeupita upesi mwito huo ili tuufikie ugomvi tuupendao: je, nasaha hizi zinamtiisha mke, au zinamfunza kuutawala unyumba kwa hila? Sikuwahi kujiuliza kwa nini mama adai vyombo vya kuandikia ilhali mtoto yu kando yake na masikio anayo.

Swali hilo lilinijia kwenye treni ya Jubilee, nikitoka kufundisha. Mama yangu, aliyeko Tanga, alikuwa amenitumia ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja. Nilikuwa nimechoka, nikabonyeza mwendo maradufu, huduma ambayo WhatsApp iliiongeza mwaka 2021. Sauti yake ikakimbia kama cherehani. Kabla ya kufika Stratford nilikuwa nimemaliza kumsikiliza, nikamjibu kwa picha ya kidole gumba.

Hata hivyo siwezi kujiunga na wanaoilaani simu. Mama anasoma Kurani, lakini hati za Kirumi hazijui. Madarasa ya watu wazima ya miaka ya 1970 yalimpita. Nilipokuja Uingereza kwa masomo ya uzamivu, barua zake ziliandikwa na mtoto wa jirani, na zote zilikuwa na dhumuni lile lile la kutaka kujua hali yangu. Mama mwenyewe hakuwamo. Katika ujumbe wa sauti yumo: anakohoa, anamfukuza kuku, anamkaribisha aliyepiga hodi, kisha anarudi kwangu bila kuomba radhi.

Ndiyo maana wapo wenzetu wanaosema usimulizi umerudi. Humtaja Walter Ong, ambaye mwaka 1982 alieleza namna redio, televisheni na simu zilivyozaa usimulizi wa awamu ya pili. Kwa pwani yetu sikubaliani nao. Usimulizi wetu haukuwa sauti tu, bali sauti iliyobebwa na wengine. Mizani nane za kila kipande cha utenzi, na kina cha kipande cha nne kinachorejea ubeti hadi ubeti, ni vishikio vya mbebaji kabla ya kuwa mapambo. Utenzi wa Mwana Kupona ulighaniwa, ukahifadhiwa kwa moyo, ukanakiliwa. Ndiyo sababu tunao. Hata barua za Shaaban Robert, za 1931 hadi 1958, tunazisoma leo kwa kuwa nduguye, Yusuf Ulenge, alizitunza. Ujumbe wa mama yangu una msikilizaji mmoja, na umelala simuni kati ya bili ya maji na tangazo la viatu. Naweza kuwarushia kaka zangu kwa mguso mmoja, lakini kurusha si kubeba. (Isitoshe, mmoja wao ametajwa humo, na si kwa wema.)

Sasa nausoma upya ule mwito wa wino na karatasi. Mama anamtwisha binti kazi. Ili neno liandikwe, mkono wa binti lazima uupunguze mwendo wa mama, umwombe arudie, usubiri kikohozi kipite. Wosia unakuwa wa mtoto kwa kuwa ameutolea jasho. Tumejadili sana utiifu ndani ya utenzi huu, wala hatukuuona utiifu wa kwanza, ule wa kalamu kwa pumzi ya mgonjwa.

Usiku ule nilikaa na penseli, nikausikiliza ujumbe kwa mwendo wake. Katika dakika ya tisa mama anataja mahali anapotaka kuzikwa: pale mwembeni, kando ya bibi yangu. Kwenye treni nilikuwa nimelisikia neno hilo, nikadhani anazungumzia maembe.