Sura na Sanaa: Uchezaji wa Marie Dressler

Wahenga walisema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Huko Hollywood, mji wa Marekani uliovuma kwa kutengeneza sinema, maneno haya yalishikwa kama sheria. Mwanamke aliyetaka kuonekana katika picha sharti awe kijana, mwembamba wa kiuno na laini wa uso. Lakini, msomaji, katika miaka ya 1932 na 1933 wenye majumba ya sinema wa Marekani walipohesabu ni nani aliyewaletea watazamaji wengi kuliko wote, jina la kwanza halikuwa la msichana mrembo. Lilikuwa la Marie Dressler, bibi mnene aliyepita miaka 60, mwenye uso mpana uliojaa makunyanzi.

Bibi Dressler alizaliwa mwaka 1868 katika mji wa Cobourg, nchini Kanada, akaingia jukwaani angali msichana. Mwaka 1914 alicheza Tillie's Punctured Romance pamoja na Charlie Chaplin, naye ndiye aliyekuwa na jina kubwa zaidi wakati huo. Tukisema kweli, picha ile haikumtendea haki. Mzaha wake mwingi ni wa kuanguka na kusukumana, na mtazamaji huchekeshwa na uzito wa mwili wake tu. Kicheko cha namna hiyo ni rahisi kukipata, tena huisha upesi.

Sasa ipime na Min and Bill ya mwaka 1930, iliyompatia zawadi ya Oscar mwaka 1931. Humo yeye ni Min, mwenye nyumba ya wageni gatini, aliyemlea msichana aliyeachwa na mama yake. Twacheka anapomwadhibu Bill, mvuvi mlevi. Lakini mwishoni msichana, akiwa ameolewa, anaondoka kwa meli, naye Min amesimama katika umati akimtazama kwa mbali. Amekwisha kuua ili kuilinda furaha ya mtoto yule, na askari wamo njiani kumkamata. Uso ule ule uliotuchekesha sasa wabeba furaha na msiba kwa pamoja. Je, uso laini usio na alama ya maisha ungeweza kuubeba mzigo huo?

Ustadi wake mwingine waonekana katika Dinner at Eight ya mwaka 1933. Anacheza mwigizaji mzee aliyesifiwa uzuri zamani, nasi twamsadiki, kwa kuwa aingia chumbani kama malkia. Karibu na mwisho anatembea na Jean Harlow, kijana mwenye nywele za kung'aa, aliyekuwa na kila kitu ambacho Hollywood ilikitaka. Kijana huyo anataja kwamba alikuwa akisoma kitabu. Bibi Dressler anashtuka, karibu ajikwae, kisha anageuka kumtazama. Kabla hajatamka neno, watu wamekwisha kucheka. Hapa mwili wake si kitu cha kudhihakiwa. Ni chombo anachokipiga mwenyewe, kama mpiga ngoma hodari ajuavyo mahali pa kugonga.

Hakukosa kasoro. Pengine alikunja uso kupita kiasi, desturi ya jukwaani, ambako hata aketiye nyuma kabisa hana budi kuona. Kamera iko karibu, nayo haihitaji makuu hayo. Hata hivyo, alipotulia, wachache walimfikia.

Alifariki mwezi wa Julai, 1934, watu wangali wakimpenda. Nawe msomaji, utazamapo mchezo wa kuchekesha, uwe wa sinema au wa shuleni kwenu, jiulize: je, twamcheka mtu huyu kwa alivyoumbwa, au twacheka kwa alivyotenda? Jawabu litakuonyesha thamani ya mchezo, na pengine litakufunulia tabia ya watazamaji pia.