Neno Lililobaki Baada ya Vita

Mchezo wa kuigiza uitwao Kinjeketile, alioutunga Ebrahim Hussein na kupigwa chapa mwaka 1969, husifiwa mara nyingi kwa habari za ushujaa. Sisi twausifu kwa sababu nyingine. Katika vita vya Maji Maji, vilivyopiganwa kusini mwa nchi yetu tangu 1905 hata 1907, mtungaji ametambua jambo ambalo waandikao habari za vita hulipita: ya kuwa vita vikiisha, kinachodumu miongoni mwa waliosalia ni neno. Kinjeketile, akiwa mfungwa, atakiwa akiri kwamba maji yake yalikuwa uongo, naye akataa. Ajua kwamba watoto wa walioshindwa watarithi ama neno lililowaunganisha makabila, ama aibu.

Mtungaji ameonya kwamba Kinjeketile wake si yule aliyenyongwa na Wadachi mwezi wa Agosti 1905. Basi hatumdai historia. Twamdai lililo la mchezo. Mwanzoni atuonyesha wanawake wakisikitikia njaa. Mwishoni atuacha gerezani, wala hatuambiwi wanawake wale walipatwa na nini. Lakini njaa ndiyo iliyoua wengi. Wadachi waliteketeza mashamba na maghala, na makadirio ya waliokufa huanzia 75,000 hata kufika 300,000. Mjane aliyesalia hakupika neno jikoni.

Upungufu wa pili ni mkubwa zaidi. Mchezo watufanya tuamini kwamba neno la vita, likidumu, hudumu kwa wema. Huku kwetu Dirma, katika nchi ya Hanang, twaona lingine. Wadatoga walikaa zamani Ngorongoro, hata katika karne ya 19 Wamasai wakawashinda na kuwaondoa. Wamasai waliwaita mang'ati, maana yake adui. Vita vile vimekwisha, neno halikwisha. Kiswahili kimelitwaa na kulivika ngeli ya watu, kikasema Mmang'ati na Wamang'ati, kana kwamba ndilo jina la kabila. Hivyo mtu wa mbali, ambaye babu zake hawakupigana na Mdatoga hata siku moja, humwita adui kila amwitapo, wala hajui.

Wako wasemao kwamba kinywani mwa Mmasai neno hilo lilikuwa na heshima, kwa kuwa lilimtaja adui astahiliye kuogopwa. Na iwe hivyo. Lakini neno lilipoingia katika Kiswahili, heshima ile haikuvuka pamoja nalo.

Basi mchezo huu yafaa usomwe, tena usomwe hapa hasa, ambapo mtoto wa Kiiraki na mtoto wa Kidatoga hukaa benchi moja. Ila mwalimu asiishie kuuliza ni nani aliyekuwa shujaa. Awaulize wanafunzi ni maneno gani ya vita waliyorithi wao wenyewe, nani aliyeyatunga, na nani ayabebaye. Kisha afungue daftari la mahudhurio, na kila mtoto aitwe kwa jina ambalo watu wake hujiita. Kinjeketile alikataa kulifuta neno lililowaunganisha watu. Sisi tusione haya kuliacha lile liwatengalo.