Pongezi kwa fundi anayesaka maji
Masika yakishika Dar es Salaam, kapeti la gari likilowa, wengi hukimbilia kulaumu mpira wa mlango. Fundi makini hana papara. Huchovya kidole kwanza: maji yenye rangi na utelezi ni ya rejeta, hita imetoboka; maji safi miguuni pa abiria siku ya jua kali, bomba la kutolea maji ya kiyoyozi limeziba. Kama ni mvua, hukunja kapeti, akaingia na tochi huku mwenzake akimwagia gari maji taratibu, kuanzia chini kwenda juu. Mara nyingi ni majani ya mti tu, yameziba njia ya maji chini ya wipa. Huyazoa kwa mkono, wala hakuuzii silikoni usiyoihitaji. Uaminifu huo nauheshimu mno. Tena hukuhimiza uanike na sponji ya chini, isije ikaozesha bati.