Sifa za Jicho Linaloteua

Miongoni mwa kazi ambazo hazina karakana wala kibao mlangoni, iko moja ambayo naona haijapata sifa inayostahili, nayo ni kazi ya mtu anayekaa kando ya uwanja wa vumbi akiwatazama vijana wa shule wakicheza, ili aseme ni yupi kati yao atakayeweza kuufanya mchezo huo riziki yake. Seremala huonyesha mlango, na mshoni huonyesha kanzu, lakini mteuzi wa vipaji huonyesha jina tu lililoandikwa kwa kalamu ya risasi, na hukumu yake husubiri miaka mitano au kumi kabla ya kusadikishwa, wakati ambapo aghalabu hakuna tena anayekumbuka kwamba ndiye aliyeitoa.

Mjini Musoma yuko mwalimu mmoja wa michezo, mstaafu, ambaye wanafunzi wake wa zamani, hata walio na wajukuu, bado humwamkia kwa adabu ya darasani, na ambaye mpaka leo, inapowadia michezo ya UMISSETA ya shule za sekondari, huchukua kigoda chake na daftari akaenda kuketi upande wa kona badala ya jukwaani, kwa sababu, asemavyo, jukwaani mtu huona mchezo, konani huona wachezaji. Nilipoketi karibu naye, lililonistaajabisha kwanza ni kwamba macho yake hayakuufuata mpira. Timu moja ilikuwa ikishambulia kwa nguvu upande wa pili wa uwanja, watazamaji wote wameinuka, naye alikuwa akimtazama beki wa kushoto wa timu hiyo hiyo, kijana mfupi, mwembamba, mwenye njumu zilizomzidi ukubwa, ambaye, wakati wenzake wa nyuma walikuwa wamesimama mikono kiunoni wakingojea bao, alikuwa akirudi hatua mbili mbili, akigeuza shingo kumtafuta winga aliyeachwa peke yake nyuma. Shambulio likavunjika, mpira mrefu ukapigwa, na winga yule alipoufikia akamkuta kijana amekwisha simama njiani. Hakuna aliyempigia makofi, maana hatari iliyozuiwa kabla haijazaliwa haina watazamaji. Mwalimu akaandika namba ya jezi yake, na mbele ya namba neno moja tu: "Anajua."

Siku hiyo uwanja mzima ulikuwa ukimshangilia mshambuliaji mmoja mwenye kifua kipana na ndevu zilizoanza kuchipua, aliyefunga mabao matatu kwa kuwapita mabeki kwa nguvu za mwili. Nikamwuliza Mwalimu mbona huyo hakumwandika. Akanijibu bila kugeuka: "Huyo leo ni mtu mzima kati ya watoto. Mwakani watoto nao watakuwa watu wazima, sasa yeye atabaki na nini?"

Mchezo ulipokwisha alimwita yule beki.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba. Umezaliwa mwezi gani?"

"Wa kumi na moja, Mwalimu."

"Baba yako mrefu?"

"Mrefu. Akiingia ndani huinama."

"Na hizi njumu?"

"Za kaka."

Maswali hayo mafupi, ambayo mpita njia angeyadhania mazungumzo ya kupoteza wakati, yalikuwa ndiyo mizani yenyewe. Mtoto wa Novemba hupambanishwa na wa Januari katika rika moja la makaratasi, hali mwenzake amemtangulia kwa miezi kumi ya kukua, na umri ule mdogo miezi kumi ni tofauti ya mifupa na pumzi. Naye mwana wa baba mrefu, akiwa mfupi leo, huenda kimo chake bado kinamngoja. Kasi hupimwa kwa saa na urefu hupimwa kwa kamba, lakini kuna yasiyopimwa ila kwa subira: kijana akipigwa chenga, hutazama chini au hugeuka kukimbiza, mwamuzi akimkosea, hupoteza dakika ngapi kwa ghadhabu, wakati wa mapumziko, hunywa maji kisha akampa mwenzake, au hunywa akaitupa chupa. Hayo ndiyo Mwalimu aliyokuwa akiyakusanya, na kwa ajili ya hayo hutazama mchezaji mmoja mara nyingi: akiwa ameshinda, akiwa ameshindwa, na akiwa amewekwa benchi.

Si ajabu kwamba jicho la namna hii lipatikane katika nchi yetu ya Mara, kwani kisa mashuhuri kuliko vyote tunavyosimuliana hapa ni kisa cha kuteuliwa. Wazee husimulia kwamba Mtemi Mohamed Makongoro wa Ikizu, alipokuwa akimzuru rafiki yake, Chifu Nyerere Burito wa Butiama, alimwona mtoto wake Kambarage, ndiye Mwalimu Nyerere wa baadaye, akicheza soro, bao la kwetu, akatambua katika mahesabu ya kete zile akili isiyo ya kawaida, akamshauri baba yake ampeleke shule. Mwaka 1934 mtoto akaingia shule ya Mwisenge, mwaka 1937 akaenda ya Tabora, na mengine yote ulimwengu unayajua. Wageni wafikao Mwitongo, Butiama, kulizuru kaburi la Mwalimu Nyerere husifu uongozi wake, na wana haki. Nami huwa nakumbuka pia yule mgeni wa Ikizu, aliyekuja kwa mazungumzo ya wakubwa lakini akapata wasaa wa kumtazama mtoto wa mwenyeji wake akicheza.

Kisa cha pili ni cha Majita, kando ya ziwa, alikotoka mkimbiaji Suleiman Nyambui. Chuo kikuu kimoja cha El Paso, katika jimbo la Texas, kilikuwa kimejizoeza zama hizo kutafuta wakimbiaji Afrika, na huko Nyambui alitwaa ubingwa wa mita 10,000 wa vyuo vikuu vya Marekani mara nne mfululizo, tangu 1979 hadi 1982. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1980, alituletea medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow, na baadaye akashinda mbio ndefu za Berlin mwaka 1987 na tena 1988. Yafaa tuone haya kidogo kwamba watu wa mbali walijua kumtafuta wa kwetu, ilhali sisi tunaoishi mwendo wa baiskeli kutoka kwenye chemchemi za vipaji hivyo hatuna desturi ya kwenda kuchungulia.

Na asidhani mtu kwamba vifaa vitatuokoa. Huko huko Marekani, katika mchezo wa besiboli, vilabu vikubwa vimekuwa vikiteua vijana kwa zamu tangu mwaka 1965, wengi wao kutoka vyuoni. Wateuzi wao huzunguka viwanja na mashine za kupima kasi ya mpira, nao humpa kila kijana alama kati ya 20 na 80 kwa kupiga, kwa nguvu, kwa mbio, kwa kurusha na kwa kudaka. Pamoja na elimu yote hiyo, mwaka 1999 walitaja majina 401 kabla ya kulitaja la Albert Pujols, kijana wa chuo kidogo cha Kansas City, kwa kuwa wengi walitilia shaka mwili wake na nafasi ya kumchezesha. Mtu huyo alikuja kuwa mchezaji bora wa ligi yake mara tatu. Nambari zilikuwapo, lililokosekana ni mtu wa kukaa kitako mpaka amwelewe.

Kwetu sasa hata kukaa kumekuwa tabu. Mteuzi wa leo huwasili siku ya fainali, huuliza nani ana mabao mengi, hutazama vijipande vya video vya nusu dakika vilivyotiwa muziki, ambamo kila mpira umefika na hakuna chenga iliyokataa, kisha huondoka na orodha ambayo nusu yake imeandikwa na jamaa na marafiki. Umri hutengenezwa na wakubwa, na mtoto hufundishwa kuukariri kama shairi, mpaka kijana mwenye ndevu akawa mdogo wa mdogo wake. Beki mfupi wa Novemba, ambaye hakuna aliyemwuliza swali, hurudi kijijini kuvua dagaa, akauacha mchezo kabla kimo hakijamfikia. Biashara United, timu ya mkoa wetu iliyotupa fahari ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2018 na ilipocheza Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2021, ilishuka daraja mwaka 2022. Sababu ni nyingi na fedha haikosi kuwamo, lakini timu ya mkoa isiyo na fedha ina mtaji mmoja tu ambao matajiri hawawezi kuushinda, nao ni kuwajua watoto wake kabla hawajajulikana.

Kumteua mtu ni amana, na kumwacha ni hukumu. Mwenye kuyafanya hayo kwa haraka humdhulumu mtoto na kuikosesha nchi. Michezo ya shule iliwahi kusitishwa kitaifa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na iliporudi tulirudisha vikombe, jezi na hotuba, lakini hatukuwarudisha wale walimu waliokuwa wakijua kutazama. Viwanja tunavyo, watoto tunao, na mashindano huja kila mwaka. Basi wakuu wa shule za Musoma, Bunda na Butiama wamkalishe mwalimu kijana wa michezo karibu na mstaafu mmoja mjuzi kwa misimu miwili au mitatu, na waanze msimu huu, wangali hai wenye kufundisha.