Nani atachunga picha zetu?

Wandugu, katika kazi yake «Mémoire», Sammy Baloji aliweka wafanyakazi wa wakati wa ukoloni, weusi na weupe kama picha za zamani, mbele ya magofu ya migodi ya Katanga. Naona nguvu yake ni hii: zile picha za zamani zilichungwa. Na aliyezichunga ni kampuni, si wao wenyewe.

Sisi tunaenda Kolwezi kwa utafiti, tunatuma picha kwa WhatsApp, kisha tunafuta simu ipate nafasi. Lakini picha ikitumwa hivi inapunguzwa, tena inapoteza tarehe na mahali ilipopigwa. Ushahidi gani unabaki? Kila jioni ya safari, weka nakala kwa flashi ao kadi, ndani ya mfuko mwingine.